Wageni Waliosimama kwa Mguu Mmoja

Kaeni vizuri, na mwenye njaa ale kwanza kabla sijaanza, maana hadithi hii ina chakula kingi, na wengi waliokitamani hawakukionja.

Katika mbuga ya Ndekule mvua ya vuli ilichelewa miezi miwili. Ilipokuja, ilikuja kwa heshima zake. Majani yakachipua, visima vikajaa, na wanyama waliobaki mifupa wakaanza kucheka tena. Bi Swala, aliyejifungua siku ile ile ya mvua ya kwanza, akamwita bintiye Vuli. Lakini furaha haikumaliza hata wiki moja. Viwavi waliibuka kutoka ardhini, wengi kuliko majani yenyewe, wakaanza kula mbuga kutoka upande wa mashariki. Walikopita palibaki udongo mtupu.

Sasa, kila mwaka kazi ya kuwamaliza viwavi ilikuwa ya wageni. Korongo weupe wa ng'ambo, wakikimbia baridi ya kwao, huvuka bahari na jangwa mpaka Ndekule, wakala viwavi siku mbili tatu, mbuga ikawa safi. Wageni hushiba, na wenyeji hupata malisho. Kwa hiyo Mbayuwayu alipotua mbele ya Simba akihema, wanyama wote walikusanyika kusikiliza.

"Wanakuja ishirini," alisema Mbayuwayu. "Lakini safari hii ni vijana watupu. Wazee wao wamezuiwa na upepo jangwani, watachelewa siku kumi. Hawa hawajawahi kutoka kwao. Hawajui mtu, hawajui desturi, hawajui hata tope la huku linavyoteleza."

Simba alitikisa manyoya ya shingo. Simba hakuwahi kusikia habari yoyote asijifikirie yeye kwanza.

"Hawatakwenda kusema ng'ambo kwamba ufalme wangu hauna ukarimu," alisema. "Nataka mapokezi ya kusimuliwa. Nani atakuwa mwenyeji wao?"

"Mimi!" alijibu Fisi, kabla swali halijafika mwisho.

Sungura alikohoa. "Wewe? Wewe uliyemficha mama mkwe wako sufuria alipokuja kukutembelea?"

"Mama alikuwa amefunga."

"Siku tatu, usiku na mchana?"

"Mama ni mcha Mungu sana," alisema Fisi, akainamisha macho kwa unyenyekevu.

Wanyama walicheka, lakini Simba hakucheka. "Sungura, nyamaza. Fisi ana pango kubwa kuliko yote, na amejitolea bila kuombwa. Kila mmoja apeleke alichonacho mlangoni kwa Fisi, asubuhi na jioni. Na msiingie ndani kuwachungulia. Si adabu kumtazama mgeni anapokula."

Basi michango ikaanza. Mamba alileta samaki wa kukausha. Nyegere alileta asali, akilia huku akiikabidhi. Kanga alileta kumbikumbi wa kukaanga. Simba mwenyewe alitoa mbavu za nyati na kuhakikisha kila mtu ameziona. Bi Swala hakuwa na kitu. Alisimama mlangoni kwa Fisi na kibuyu kidogo cha maziwa, nusu ya sehemu ya Vuli.

"Ni haya tu, Bwana Fisi," alisema kwa aibu. "Waambie wageni watusamehe."

"Nitawafikishia," alisema Fisi. Kabla Bi Swala hajageuka nyuma, maziwa yalikuwa yamekwisha kufika, ila si kwa wageni.

Siku ya pili korongo walitua. Walikuwa ishirini, warefu, weupe, wamechoka, na kila kitu kiliwafurahisha. Waliufurahia mti, wakalifurahia jiwe, wakamfurahia hata nzi. Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja aitwaye Adela, na nyuma yake hakubanduka mdogo wake, Tilo. Mama yao aliwaaga kwa maneno machache: wenyeji wa kule ni wema, fuateni kila desturi yao, msinitie aibu. Njiani Mbayuwayu aliwafundisha salamu moja, nao waliishika kama pasipoti.

"Shikamoo," Adela alimwamkia Simba, na hapo alipatia.

"Shikamoo," Tilo alimwamkia Sungura, na hapo palikuwa na utata.

"Shikamoo!" wote ishirini walimwamkia Vuli, binti wa Bi Swala, ambaye alikuwa na umri wa siku nane.

Vuli aliwatazama ndege wazima wakimwinamia, akaona raha ya ajabu. "Marahaba," alijibu, kidevu juu. Bi Swala alimfinya sikio, wenyeji wakacheka, na korongo nao wakacheka kwa kugonga midomo, kakakakaka, ingawa hawakujua kinachochekesha. Sijui kama kuna mgeni mzuri kuliko yule anayecheka kabla ya kuelewa.

Kisha Fisi akawachukua mpaka pangoni kwake. Akapanga sinia mbele yao: samaki, asali, kumbikumbi, mbavu za nyati. Korongo hawakuwa wamekula tangu jangwani. Tilo alinyoosha mdomo.

"Aa, aa, kijana!" Fisi alimzuia kwa sauti ya upole. "Kwani hamkuambiwa desturi yetu?"

Adela alishtuka. "Hatukuambiwa. Tuambie, tafadhali. Hatutaki kukosea."

"Huku kwetu mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, kutoa sumu."

Hilo lilikuwa kweli. Mpaka leo mwenyeji mstaarabu huonja kipande kimoja mbele ya mgeni, ili mgeni ale bila wasiwasi. Uongo mtamu daima huanzia kwenye ukweli, na Fisi aliendelea kutoka hapo.

"Na wakati mwenyeji anaonja, mgeni mwenye adabu husimama kwa mguu mmoja mpaka mwenyeji ashibe. Akiteremsha mguu, amemtukana mwenyeji na babu zake."

Mara miguu ishirini ikapanda juu. Fisi akaonja samaki, akaonja asali, akaonja mbavu mpaka mifupa ikapiga kelele. Alipomaliza alilamba sinia.

"Sumu imekwisha," alitangaza.

"Na chakula?" aliuliza Tilo.

"Nacho kimekwisha. Kilikuwa na sumu nyingi sana. Mna bahati mlikuja kwangu."

Korongo walimshukuru. Hapa mimi msimulizi huwa nakasirika kila mara, maana walimshukuru kwa moyo. Tilo, tumbo likiunguruma, alitazama nje ya pango.

"Nimeona viwavi kwenye majani," alisema. "Kwetu tunawala. Naomba nikaokote wachache."

"Usithubutu!" alisema Fisi. "Mgeni kujiokotea chakula uwanjani kwa mwenyeji? Unataka ukoo mzima useme sikuwalisha?"

Fisi alijua kabisa kwamba wageni wakishiba viwavi, michango itakoma.

Siku zikapita. Asubuhi mguu mmoja, jioni mguu mmoja. Kila jioni Fisi alikwenda kwa Simba kutoa ripoti, tumbo likimtangulia.

"Wageni wanakula, Mtukufu, sijaona mfano wake. Wanaomba nyama zaidi."

"Wapewe!" alisema Simba kwa fahari. "Na viwavi je? Mbona bado wako?"

"Uchovu wa safari, Mtukufu. Watawafikia."

Lakini viwavi hawakuwa na uchovu wowote. Walivuka bonde la mchanga, wakamaliza majani ya kisimani, na siku ya tano walibakiza ukanda mmoja tu wa kijani upande wa magharibi. Bi Swala alimfuata Sungura akiwa amekonda, na Vuli akimfuata kwa miguu inayotetemeka.

"Sungura, ndugu yangu," alisema, "mwaka jana siku kama ya leo mbuga ilikuwa safi. Mwaka huu wageni wamekuja na hawali. Maziwa yangu yamekauka. Majani yakiisha kesho kutwa itabidi nihame, na wewe mtazame huyu. Atafika wapi kwa miguu hii?"

Sungura alimtazama Vuli, na mzaha wote ukamtoka usoni. Alikwenda moja kwa moja pangoni kwa Fisi, adabu ya kutochungulia akaiacha njiani.

Alikuta jambo ambalo hakulisahau. Fisi alikuwa amelala chali, akikoroma, mdomo una asali. Kumzunguka, korongo ishirini walisimama kimya, kila mmoja kwa mguu mmoja, wamekonda.

"Mnafanya nini?" Sungura alinong'ona.

"Shikamoo," alisema Adela kwa sauti dhaifu. "Tunafuata desturi yenu. Mgeni husimama hivi mpaka mwenyeji ashibe, na hajiokotei chakula nje. Samahani, naomba kuuliza bila kukosa heshima. Hapa kwenu mwenyeji hushiba lini?"

Sungura alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaelewa kila kitu: kwa nini samaki waliisha, kwa nini viwavi hawakuguswa, kwa nini Fisi alikuwa na videvu viwili.

Angeweza kwenda kumshtaki. Lakini alimjua Fisi, angekana kila neno, na alimjua Simba zaidi. Simba aliambiwa wageni wake wanakula vizuri kuliko wafalme. Asingekubali kusikia kutoka kwa Sungura kwamba walishindishwa njaa chini ya pua yake. Wangegombana siku tatu, na Vuli hakuwa na siku tatu.

"Hushiba baada ya siku ya tano," Sungura alimjibu Adela. "Na kesho kuna desturi nyingine. Mgeni huandaa karamu ya shukrani. Siku hiyo mgeni huwa mwenyeji, na mwenyeji huwa mgeni. Kila alichokifanya mwenyeji nanyi mtakifanya, na kila mlichokifanya ninyi yeye atakifanya. Chakula nitaleta mimi."

Hiyo pia aliitunga palepale, lakini yeye alikuwa na sababu nzuri.

"Nasi tutaruhusiwa kuteremsha mguu?" aliuliza Tilo.

"Yote miwili," alisema Sungura.

Asubuhi iliyofuata wanyama wote waliitwa chini ya kilima. Simba alikaa mbele, kifua nje, maana aliambiwa karamu ni ya kumshukuru yeye. Michango ya siku hiyo yote ilipangwa na Sungura kwenye masinia. Fisi alifika mapema akiwa amechana manyoya, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la nyama.

Adela alimkatiza njia, akiinamisha kichwa kwa heshima. "Karibu sana, mgeni wetu. Leo wenyeji ni sisi. Tafadhali, mguu mmoja."

Fisi alicheka kicheko chake kile. "Utani mzuri."

"Si utani. Ulitufundisha mwenyewe. Tutaonja kwanza kutoa sumu, nawe utasimama kwa mguu mmoja mpaka mwenyeji ashibe."

Simba alikunja uso. "Desturi gani hiyo?"

Fisi alimtazama Adela, akamtazama Simba, akaona mitego miwili na hakuna njia ya tatu. Akisema desturi hiyo haipo, amekiri kwamba aliwashindisha njaa wageni wa mfalme. Akisema ipo, nyama ile imemponyoka. Alichagua hasara ndogo.

"Ni... ni desturi ya zamani, Mtukufu. Ya babu zetu."

"Mtukufu anaijua bila shaka," Sungura alisema haraka, kwa heshima kubwa. "Mfalme gani asiyejua desturi za ufalme wake?"

Simba hakuwa amewahi kuisikia. Lakini wanyama wote walimtazama, na wageni wa ng'ambo walimtazama, na Simba ni Simba.

"Naijua tangu utotoni," alisema. "Naipenda sana. Fisi, inua miguu."

"Mtukufu, mimi nina minne!"

"Mmoja ni mmoja," alisema Simba.

Fisi akainua wa mbele wa kushoto, akainua wa kulia, akainua mmoja wa nyuma, akaanguka kifudifudi. Mamba na Nyegere, kwa furaha ambayo hawakuificha, wakamsimamisha tena. Kwa upande wao korongo walianza kuonja. Ndugu zangu, siku tano za njaa zilionja pamoja nao. Samaki wakaonjwa, kumbikumbi wakaonjwa, hata mbavu za Simba hazikupona.

"Sumu imekwisha," alisema Tilo.

"Na chakula?" alilia Fisi, huku akiyumba.

"Nacho kimekwisha. Kilikuwa na sumu nyingi sana."

Fisi akateremsha mguu wa pili. Hapo ndipo Sungura alipojitokeza katikati.

"Bado kidogo, Bwana Fisi. Mgeni husimama mpaka mwenyeji ashibe. Adela, mmeshiba?"

Adela alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila jambo. "Kusema kweli, hapana."

"Basi leo ninyi ni wenyeji, si wageni. Mwenyeji hakatazwi kuokota chakula uwanjani kwake. Au nakosea, Bwana Fisi?"

Korongo waligeuka wakaitazama mbuga, nyeusi kwa viwavi kuanzia kilimani mpaka ukanda ule wa kijani. Midomo ishirini iligonga kwa pamoja, kakakakaka, na wageni wakaondoka kwa mstari mmoja.

Walikula kutwa nzima. Bi Swala alisimama mbele ya majani ya mwisho, Vuli katikati ya miguu yake, akiangalia mstari mweupe ukisonga na ardhi nyeusi ikipungua. Alilia bila kujificha. Kila mara Tilo alipopita, Fisi alimwita kutoka kilimani.

"Kijana! Mmeshiba?"

"Bado, mgeni wetu! Vumilia!"

Fisi alianguka mara thelathini na tatu, nami najua kwa sababu Kanga alikuwa anahesabu kwa sauti. Mgongo ulimwinama, miguu ya nyuma ikapinda. Jua lilipokaribia kushuka, na viwavi wakiwa wamebaki wachache wa kutafutwa, hakuweza tena.

"Hakuna!" alipiga kelele. "Hakuna desturi kama hiyo! Niliitunga mimi! Nilikula mimi! Samaki, asali, mbavu, hata maziwa ya Bi Swala! Niacheni nikae!"

Akakaa. Mbuga nzima ilisikia. Adela alisimama na kiwavi mdomoni, akammeza taratibu.

"Kumbe," alisema. Halafu akasema neno lililowaumiza wenyeji kuliko matusi. "Sisi tulidhani hatukuwa na adabu ya kutosha, ndiyo maana hatulishwi."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Simba alikohoa mara mbili. Alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba desturi ile aliijua tangu utotoni.

"Nilikuwa namjaribu Fisi," alisema.

"Tuliona, Mtukufu," alisema Sungura, na ninamsifu kwa kutocheka.

Kisha Simba akafanya jambo ambalo hakulizoea. Alishuka kutoka mahali pake, akaenda mpaka alipokuwa Adela. "Pango langu ni dogo kuliko la Fisi," alisema, "lakini mtalala kwangu. Na nitaonja kipande kimoja tu." Kuhusu Fisi, aliamuru awachotee wageni maji kila siku mpaka watakapoondoka, na ale mwisho, makombo yakibaki. Wazee wa korongo walipofika baada ya siku nne, waliwakuta vijana wao wamenona, mbuga imechipua upya, na Vuli anaruka juu ya mawe.

Fisi hakupata kunyooka tena. Mtazameni mpaka leo, nyuma yuko chini kuliko mbele, na chakula chake ni mabaki ya wengine. Korongo nao miguu yao ilizoea. Ukiwaona wamepumzika kando ya maji wamesimama kwa mguu mmoja, usiwacheke, ni adabu walizofundishwa ugenini.

Mwaka uliofuata vijana wengine walitua Ndekule, wa mara ya kwanza, wakiongozwa na Adela. Vuli, sasa swala mrefu mwenye pembe zinazoanza, alikimbia kuwapokea. Korongo mmoja mchanga kuliko wenzake wote, anayetetemeka kwa woga wa kukosea, alimwinamia.

"Shikamoo," alisema.

Lilikuwa jambo rahisi kujibu marahaba, na raha yake Vuli bado aliikumbuka. Lakini alimwona Adela nyuma yao, amesimama kwa mguu mmoja, akimtazama. Vuli akainama chini zaidi ya mgeni.

"Sisi tuko rika moja," alisema. "Kwangu mimi sema 'mambo' tu. Njoo nikuoneshe nani wa kumwamkia, na viwavi wako wapi. Okota unavyotaka."

Adela akagonga mdomo wake, kakakakaka, akateremsha mguu. Hapo hadithi yangu imefika mlangoni. Anayempokea mtu asiyejua desturi za nchi ameshika adabu ya nchi nzima mkononi, na Fisi aliishika akailamba.